Nyuzi Kumi na Saba: Niliyoyapitia Katika Kundi la Ala za Kijapani, Nagoya

Kazi yangu ni magari ya mitumba. Niko Nagoya, wateja wangu wengi wako Mombasa na Dar es Salaam, na kwa miaka sasa simu yangu haijui swali ila bei, kilomita na meli itafika lini. Tangu nilipoweka video kwenye statasi, nimevaa nguo nyeusi na kuketi nyuma ya koto, ubao wa nyuzi wa Kijapani unaonizidi urefu, maswali yameongezeka. Ile ni nini? Kundi linakubali wageni? Inakula pesa ngapi? Wanaouliza kwa dhati ni vijana walioko huku kwa ufadhili wa masomo, maana wao wana nia ya kujaribu. Nimechoka kuwajibu mmoja mmoja kwa ujumbe wa sauti nikiwa bandarini, kwa hiyo nayaweka yote hapa.

Mimi niliingilia mlango wa tashkota. Aliyekulia Mji wa Kale, Mombasa, anaijua: kile kisanduku kirefu chenye vitufe, mkono wa kushoto ukibonyeza, wa kulia ukipitisha risha. Mjomba wangu alikipiga harusini. Ni ala ya Kijapani, tena ya hapa hapa Nagoya. Aliibuni Morita Goro mwaka 1912, akaazima wazo la vitufe kutoka kwenye taipureta, nayo ikasafiri hadi Bara Hindi na pwani yetu, ikaingia kwenye taarab. Nilipopata kazi mji huu nilitarajia kuikuta kila kona. Nilichokikuta ni wazee, wengi wao akina mama, wanaokutana kwenye ukumbi wa mtaa kupiga nyimbo za ujana wao. Walinipokea vizuri mno. Ila wanamuziki wanaojiweka ngazi ya juu huizungumzia tashkota kwa tabasamu fulani, lile ambalo kwetu mpiga udi humpa mpiga kinanda.

Mmoja wa akina mama hao ndiye aliyeniambia kuna kundi linatafuta mtu wa kupiga koto ya nyuzi 17. Hawapati mtu, alisema, kwa sababu ni nzito na haipewi wimbo.

Alisema kweli kwa yote mawili. Koto ya kawaida ina nyuzi 13, ni ubao wa mti wa kiri wenye urefu wa kama mita 1.8, na kila uzi unakaa juu ya kidaraja chake ambacho unaweza kukisogeza. Ina sauti tamu lakini haina besi. Miyagi Michio, mpiga koto aliyepoteza macho akiwa mtoto, ndiye aliyetengeneza ile ya nyuzi 17 mwaka 1921 ili kundi liwe na sauti ya chini. Bila yeye makundi kama letu yasingekuwapo. Zamani ala za Kijapani hazikuchanganyika hovyo. Koto, shamisen (ala ya shingo ndefu na nyuzi tatu) na filimbi ya mwanzi ya shakuhachi zilizoeana, lakini biwa, ndugu wa udi wetu, ilikuwa na wasimulizi wake, ngoma na filimbi za jukwaani zilikuwa na watu wake, na kila chuo, yaani ukoo wa walimu na wanafunzi wao, kilificha mapishi yake. Mwaka 1964 watunzi na wapigaji, akiwamo Miki Minoru, wakaanzisha Nihon Ongaku Shudan, kundi la kuziketisha ala hizo pamoja na kuzitungia muziki mpya. Mwaka 1967 mtunzi Takemitsu Toru akaiweka biwa na shakuhachi mbele ya okestra ya New York Philharmonic. Mwaka 1969 Miki na mpigaji Nosaka Keiko wakaja na koto ya nyuzi 20. Makundi madogo ya wapenzi wa muziki huo yako miji mingi, na letu ni mojawapo: wauguzi, walimu, mstaafu wa reli, na mimi.

Usiende kundini kwanza. Nenda kwa mwalimu. Nilipopiga simu, kiongozi wa kundi alinisikiliza kwa adabu kisha akauliza mwalimu wangu ni nani. Sina. Basi nitafute, nianze na nyuzi 13, tutaonana baadaye. Nilidhani ananifukuza kistaarabu, kumbe alikuwa ananionyesha mlango wenyewe. Koto ina vyuo viwili vikubwa, Ikuta na Yamada. Wa Ikuta huvaa kucha za kupigia za mraba na kukaa kimshazari, wa Yamada huvaa kucha za mviringo na kukaa wakiielekea ala moja kwa moja. Ukishaingia kwa mwalimu wa chuo fulani, wewe ni wa nyumba hiyo. Kwenda kupiga na watu wa nyumba nyingine bila kuaga ni utovu wa adabu, hata kama hakuna atakayekwambia. Mwalimu wa kwanza niliyemwendea alibadilika uso nilipotaja kundi, na darasa la pili halikupatikana nafasi. Wa pili nilimwambia siku ya kwanza, kabla sijavua koti, kwamba ninachotaka ni muziki wa kisasa wa kundi. Akafurahi. Ada ya mwezi hutiwa kwenye bahasha, noti zisiwe zimekunjwakunjwa, na haitolewi mkono kwa mkono kama nauli ya matatu.

Sasa pesa. Koto ya mtumba ni rahisi kuliko mnavyodhani, kwa sababu nyumba nyingi zina moja ya bibi imelala kabatini na hakuna wa kuipiga. Yangu ilinigharimu yen 25,000. Furaha iliisha nilipoipeleka kwa fundi. Nyuzi za mtumba huwa zimechoka, na kuzifunga upya si kazi ya nyumbani, maana huvutwa kwa nguvu nyingi na fundi ana mikono yake ya kazi hiyo. Bei ya nyuzi ilikaribia bei ya ala. Siku hizi nyuzi ni za sintetiki, hariri ni ya wenye nacho au wenye msimamo. Ya nyuzi 17 sikununua. Mpya ni mamia ya maelfu ya yen, na kundi lina yake. Ukitaka kuipiga, kubali kuwa mlinzi wake pia: kuibeba, kuifunika, kuipeleka kwa fundi. Masomo ni yen 10,000 kwa mwezi, mchango wa kundi 3,000. Gharama iliyoniuma kuliko zote nitaitaja mwisho.

Kuna jambo moja la kununua ambalo mtu wa kwetu lazima alijue. Koto hupigwa kwa kucha tatu zinazovaliwa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Mwalimu wangu alinifungulia kisanduku chake kidogo akanivisha zake ili nisikie uzito. Zilikuwa za rangi ya maziwa yaliyolala, laini, na ndani yake mlikuwa na mistari myembamba inayokatana. Nikauliza ni nini, ingawa mistari ile nilikuwa nimeshaiona kwenye picha za wenzetu wa idara ya wanyamapori. Pembe ya ndovu. Ndizo kucha bora, akasema, na vidaraja vya zamani vya thamani pia hutengenezwa hivyo, na bapa la kupigia shamisen vilevile.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Bandari yetu ilisafirisha pembe kwa karne nyingi, na serikali yetu ilichoma tani 12 mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, moshi ukaonekana dunia nzima. Nilizivua kucha zile taratibu nikaziweka kwenye kitambaa chao. Nikamweleza. Alinyamaza, halafu akasema ni za mwalimu wake, aliyemwachia alipofariki, na kwamba mzee yule hakuwahi kumwona tembo. Hatukubishana. Nilinunua za plastiki. Zina mlio mkali kidogo, na kwenye nyuzi nene za besi mlio huo haunidhuru. Yeye anaendelea na zake. Ninachowaomba ninyi ni hiki: mkinunua koto au shamisen ya mtumba, ulizeni kila kitu kilichomo kisandukuni kimetengenezwa kwa nini. Biashara ya pembe baina ya nchi imepigwa marufuku tangu miaka ya 1989 na 1990, na kidaraja kimoja kilichosahaulika kwenye mkoba kinatosha kukuweka mahabusu siku unayotua Nairobi au Dar. Shingo za shamisen nazo hutengenezwa kwa mbao ambazo baadhi zinalindwa kimataifa. Ulizeni hilo pia.

Nilipokubaliwa kundini, nilijiona najua kupiga, na kwa vidole ni kweli nilijua. Taarab ilikuwa imenipa sikio na mikono. Tatizo lilikuwa kimya. Kwenye taarab ngoma ya dumbak haikuachi. Ukipotea utaisikia, utarudi nyumbani. Kipande chetu cha kwanza kilianza na shakuhachi peke yake, kisha kimya, kisha mimi na uzi wa chini kabisa. Karatasini kimya kile kiliandikwa mapigo manne. Nikahesabu manne, nikapiga, kila mtu akainua kichwa. Mpiga shakuhachi, mzee wa maneno machache, akasema nisihesabu, nitazame mabega yake. Tukarudia. Alimaliza sauti yake, akashusha filimbi kama upana wa kidole, na ukumbi ukabaki na mvumo wa kiyoyozi. Halafu mabega yakapanda kidogo sana. Akavuta pumzi, na uzi wangu ukaingia pale pale pumzi ilipokatika. Hatuna kondakta. Vichwa kumi na mabega yake ndiyo mizani yetu, na kuna siku mapigo yale manne huwa sita kwa sababu ukumbi una mwangwi au kwa sababu mzee ameamka vizuri.

Kwa hiyo keti mahali unapomwona anayeanzisha. Inaonekana jambo dogo, lakini wageni hupewa kiti cha pembeni nyuma ya ngoma, nao kwa heshima hukikubali. Omba kuhamishwa. Jambo jingine la besi ni kuizima sauti. Nyuzi nene huvuma muda mrefu, na usipozilaza kwa kiganja cha kushoto kwa wakati, shamisen anayefuata anazama kwenye tope lako. Nilichukua muda mrefu zaidi kujifunza kunyamazisha nyuzi kuliko kuzipiga, na mwalimu wa nyuzi 13 hakuwa amenifundisha hilo kwa sababu kwake halina uzito huo.

Kuhusu kuzipatanisha ala, kuna hadithi ndefu. Sisi hutumia hezi 442 kwa noti ya A. Shakuhachi ya kawaida ina urefu wa sentimita 54.5, na sauti yake hushuka kwenye baridi na kupanda inapopashwa na pumzi. Ukiwahi ukumbini asubuhi ya Januari ukapatanisha nyuzi zako 17 na filimbi iliyotoka kwenye begi, umefanya kazi ya bure, kwa sababu baada ya nusu saa filimbi imepanda na nyuzi zimelegea. Subiri apige kwanza. Isitoshe watunzi wa kisasa hawana huruma: katikati ya kipande wanataka uzi wa tano na wa kumi na mbili vihamie sauti nyingine, nawe una pumziko la sekunde chache kusogeza vidaraja viwili gizani. Kusogeza huko fanyia mazoezi kama unavyofanyia noti, kwa idadi ile ile. Kidaraja kikiteleza, uzi hupiga ubao kwa kishindo ambacho hadhira huruka. Weka kimoja cha akiba mfukoni.

Karatasi nazo ni mtihani. Watu wa koto wamelelewa kwenye namba za nyuzi zilizoandikwa Kijapani, wa shakuhachi wana herufi zao, wa shamisen wana namba za mahali pa kubana, na watunzi wa leo mara nyingi huandika mistari mitano ya Kizungu. Mazoezini mmoja anasema tuanzie uzi wa saba, mwingine hajui ni wapi. Dawa ni kuandika namba za vipimo vya mapigo (bar) kwenye karatasi za kila mtu kabla ya kukutana, na kazi hiyo ya kuchosha hupewa mgeni. Ipokee kwa mikono miwili. Mtu aliyeandika namba kwenye karatasi zote anakijua kipande kuliko waliopewa. Karatasi zenyewe zinunuliwe, msitoe fotokopi, na onyesho la tiketi hulipiwa haki za mtunzi kupitia JASRAC, shirika la Japani la haki za watunzi. Nyimbo za Miyagi hazilipiwi tena: alifariki 1956, na muda wa miaka 50 uliisha kabla Japani haijaongeza kuwa 70. Ndiyo sababu mojawapo makundi yenye mfuko mwembamba hayaachani naye. Ile duweti yake ya 1929 ya koto na shakuhachi utaisikia hadi supamaketi kila mwaka mpya, hadi uikimbie.

Mahali pa mazoezi. Mkataba wangu wa nyumba unakataza ala za muziki, kama mikataba mingi ya huku. Nyuzi 13 ukizipiga polepole mchana huenda ukasamehewa, lakini besi hupita sakafuni na jirani wa chini ana haki yake. Vyumba vya kumbi za mtaa hukodishwa kwa bei nafuu sana kwa saa chache, ila vinagombaniwa, kwa hiyo fuatilia siku ya kufunguliwa kwa maombi. Vyumba vya karaoke mchana wa siku za kazi vinafaa kwa nyuzi 13, mradi uombe ruhusa kaunta. Usafiri ni balaa jingine. Treni zina kikomo cha mzigo cha urefu wa mita 2, na nyuzi 17 yetu inazidi. Hapo ndipo kazi yangu iliponipa cheo. Katika Probox, ukilaza kiti cha abiria, ala inaingia kimshazari kutoka mlango wa nyuma hadi karibu na dashibodi, na mlango unafunga. Mstaafu wa reli hakuamini hadi alipouona umefungwa.

Nisifiche kuwa majira ya baridi ya kwanza nilitaka kuacha. Si kwa ugumu. Ni kwa kutojua nimesimama wapi. Hakuna aliyesema nimekosea, hakuna aliyesema nimepatia. Walisema tu turudie. Nilikuwa na nywele nyeupe mbili tatu na nilipanga viti chini ya amri ya binti wa miaka 22, kwa sababu yeye ameingia kabla yangu. Kwetu ukipiga vizuri hadhira inainuka kuja kukutunza, kuna vigelegele, unajua. Huku ukimaliza watu wanakaa kimya hadi sauti ya mwisho iishe kabisa, ndipo makofi. Nilizoea, lakini sitawadanganya kwamba nimeacha kuyakosa yale ya kwetu.

Kilichonikera hasa kilikuwa tangazo la onyesho la kwanza. Picha yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mpiga shakuhachi, mtu aliyepuliza mwanzi maisha yake yote. Mwafrika na koto, tiketi zitauzika. Niliomba ibadilishwe, wakashangaa, wakaibadilisha. Mgeni yeyote atakutana na hili. Amua mapema unalionaje, maana likishachapwa limechapwa.

Mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyohofia. Baada ya onyesho huwa kuna karamu yenye bia nyingi. Agiza chai ya oolong, gonga glasi na wenzako, hakuna atakayekuuliza mara mbili. Mwezi wa Ramadhani mazoezi ya jioni yalisimama ilipoingia magharibi bila mimi kuomba mara ya pili, na tende nilizozileta kutoka msikiti wa Honjin, hapa Nagoya, zilipata wapenzi, hasa mpiga biwa. Viti na stendi vimeondoa pia shida ya kupiga magoti, ambayo nyumbani kwa mwalimu ilinitoa machozi.

Na ile gharama niliyoiahidi: norma. Kila mpigaji hupewa fungu la tiketi, na zile asizouza anazilipia mwenyewe. Kodi ya ukumbi, gari, haki za watunzi, vyote vinatoka hapo. Kabla ya kukubali nafasi ya jukwaani uliza norma ni ngapi na bei ya tiketi ni kiasi gani, kwa maandishi kama inawezekana. Fungu langu la kwanza lilikuwa tiketi 20 za yen 2,500, mimi sina ukoo Nagoya, na wateja wangu wote wako ng'ambo ya bahari. Tangu hapo nimejifunza kuanza mapema: fundi wa gereji, wauza kebabu, dada wa benki anayepokea fedha za kigeni, akina mama wa tashkota wanaonunua sita kwa mpigo na kukaa safu ya mbele. Onyesho la mwaka huu ni Novemba. Nimebakiwa na tisa.